Ng'ombe Aliyekula Dawa ya Kifua

Kazi ya kwanza ya Nyanchama kila alfajiri ilikuwa kumlisha Redio. Kabla hajanawa uso, alikwenda shambani nyuma ya nyumba, akakata marando ya viazi vitamu yakiwa bado yamelowa umande, akayarundika ndani ya hori. Redio aliyabugia kama mtu anayeogopa kunyang'anywa sahani. Kisha mama yake, Bathsheba, alikuja na ndoo na kigoda, akaketi kukamua.

Redio alikuwa ng'ombe. Mwaka huo wa 1965, watu wa Rangwe waliokuwa na redio ya kweli walikuwa wachache, na sauti za redio zao hazikuvuka ua. Ng'ombe wa Mzee Mogaka alisikika hadi barabara ya Homa Bay. Hakuwa akilia. Alikuwa akipiga mbweu. Mbweu ilianzia mbali tumboni, ikakoroma, ikakatika, ikakoroma tena kama redio inayotafuta stesheni, halafu ikatoka kwa kishindo. Watoto wa jirani ndio waliompa jina, na jina likamganda.

Familia ya Mogaka ilikuwa imetoka Kisii kuja Rangwe kulima na kuuza maziwa. Majirani wengi walikuwa Wajaluo, kwa hiyo sokoni na katika maombi watu walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Mogaka alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, mtu mrefu asiyependa mzaha. Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, majirani walikusanyika uani kwake kuikaribisha Sabato.

Ijumaa moja Mogaka alikuwa akiomba kwa sauti nzito, macho ameyafumba.

"Ee Bwana," alisema, "kama umeyasikia maombi yetu sisi waja wako, tunakusihi utuonyeshe ishara..."

"Mbweeeeu!" ikatoka zizini.

Mama Zilpah, mjane wa jirani ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, akaitikia kwa furaha, "Amina!"

Vijana waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Nyanchama aling'ata kidole chake mpaka kikauma. Mogaka alimaliza maombi haraka, na wageni walipoondoka akamgeukia mkewe.

"Mama Nyanchama, ng'ombe huyu anakula kama wawili na kutoa maziwa kama nusu. Ubavu wake wa kushoto unavimba kama ngoma. Na sasa ananijibia maombi. Mnada wa mwisho wa mwezi ukifika, anakwenda."

"Baba, usimuuze!" Nyanchama alisema. Alimjua Redio tangu akiwa ndama mwenye miguu mirefu kuliko akili.

"Nimemaliza," alisema Mogaka.

Wiki iliyofuata afisa wa mifugo alikuja shuleni kufundisha darasa la sita. Jina lake lilikuwa Javan, lakini watu wote walimwita Bwana Mifugo. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye buti zenye matope. Alichora tumbo la ng'ombe ubaoni, likajaa ubao mzima.

"Tumbo hili la kwanza ni kama chungu cha pombe ya busaa," alianza. Mwalimu wa darasa, aliyekuwa Msabato, akakohoa. "Samahani, Mwalimu. Ni kama chungu cha uji unaochacha. Majani yanachacha humo, yanatoa hewa. Hewa hiyo huitwa methani. Ndiyo ile inayotoa mapovu kwenye matope ya kinamasi. Ukiikusanya ukaiwashia kiberiti, inawaka."

Mvulana mmoja akainua mkono. "Bwana, basi tunaweza kupikia ng'ombe? Yaani, yeye awe jiko?"

"Swali zuri. Usijaribu nyumbani," alisema Javan. "Sikilizeni. Ile hewa ni chakula kilichopotea. Majani ambayo yangekuwa maziwa yanatoka mdomoni yakiwa upepo. Na hewa ikizidi ikakosa njia, ng'ombe anavimba na anaweza kufa. Lakini iko mimea inayosaidia tumbo kutulia. Kwa mfano, kitunguu saumu kilichopondwa, kidogo, mnachanganya na pumba. Ng'ombe wenye shida mtawajua kwa sauti. Wanafanya hivi."

Akavimbisha mashavu, akanyoosha shingo, akatoa mbweu ya ng'ombe iliyo kamili kuliko ya ng'ombe mwenyewe.

Darasa likaangua kicheko. Nyanchama na rafiki yake Benta, waliokaa dawati moja, walishikana mikono wakicheka mpaka machozi yakawatoka. Javan aliendelea kueleza akionyesha ubao, lakini wao hawakusikia neno. Walipofuta machozi, alikuwa akipangusa chaki mikononi na kuaga.

Nyanchama hakujali. Alikuwa amesikia alichokitaka: kitunguu saumu kilichopondwa, kidogo, na pumba.

Jikoni kwao, juu ya mafiga, ulining'inia mtungo wa vitunguu saumu. Mama yake alivinunua dukani kwa Mhindi viwe dawa ya kifua. Mtu akikohoa, alipewa punje moja ndani ya maji moto, akalalamika, akapona. Nyanchama aliutazama mtungo ule, akafikiri. Punje moja ni kidogo kwa mtu. Redio ni mkubwa kuliko watu wa nyumba nzima ukiwaunganisha. Kidogo cha ng'ombe hakiwezi kuwa kidogo cha mtu. Na mnada ulikuwa unakaribia. Akaangusha mtungo mzima ndani ya kinu.

Aliponda alfajiri, mama yake akiwa amekwenda kuchota maji. Macho yalimwasha. Alichanganya na pumba za mahindi, akatia magadi ili Redio avutiwe, akaweka horini. Redio alinusa, akarudi nyuma, akamtazama Nyanchama kwa huzuni. Lakini magadi yalimshinda. Alikula, akalamba hori, na baada ya muda Bathsheba alikuja na ndoo yake kukamua kama kawaida.

"Mbona hapa panatoka harufu ya kifua?" aliuliza.

"Labda ni baridi, Mama," alijibu Nyanchama, jibu ambalo hata yeye hakulielewa.

Maziwa ya asubuhi yalikwenda kwenye hoteli ya Mzee Elijah sokoni, ya chai na mandazi. Mzee Elijah alikuwa amenusa ugoro miaka mingi hivi kwamba pua yake ilibaki ya kupambia uso tu. Mpishi wake alikuwa Fanuel, kaka mkubwa wa Benta. Baba yao alikuwa amefariki, na Fanuel ndiye aliyemtunza Benta na mama yao. Asubuhi hiyo Fanuel alikuwa akikatakata vitunguu vya mchuzi wa maharagwe, kwa hiyo harufu yoyote iliyotoka kwenye sufuria ya chai aliidhani ni ya mikono yake.

Siku hiyo hiyo mkaguzi wa shule alikuja, na maziwa ya Redio yote yakaingia kwenye chai ya shule.

Ukuta uliotenganisha ofisi ya Mwalimu Mkuu na darasa la sita haukufika kwenye mabati, kwa hiyo darasa zima lilisikia Fanuel akileta birika kutoka hotelini, vikombe vikigongana, na Mwalimu Mkuu akisema, "Karibu chai, bwana."

Pakawa na sauti ya kunywa. Kisha kikombe kikawekwa chini.

"Mwalimu," alisema mkaguzi polepole, "hii ni chai ya namna gani?"

"Ni ya... ni ya maziwa, bwana."

"Mke wangu hunipa kitu kama hiki nikikohoa."

Nyanchama alielewa mara moja. Alikumbuka harufu ya zizini, alikumbuka ndoo. Alitazama dawati.

Mkaguzi alikuwa mtu mwenye adabu. Alikimaliza kikombe. Kisha akaingia darasa la sita, akasimama mbele na kusema kwa upole, "Hamjambo, watoto?"

Harufu ikafika kabla ya maneno kwisha. Safu ya mbele yote ikaegemea nyuma kwa pamoja, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mkaguzi alitembea kati ya madawati, na kila alipopita watoto waliinama upande wa pili. Alisimama kando ya Benta, akainama juu ya kitabu chake. "Soma hapa, binti."

Benta alivuta pumzi mara moja. Alisoma ukurasa mzima bila kupumua tena, bila kusimama kwenye nukta wala mkato, akaketi akiwa na uso wa zambarau.

"Ajabu!" alisema mkaguzi. "Sijaona mtoto anayesoma kwa kasi hivi. Hongera, Mwalimu."

Lakini mkaguzi alipoondoka, Mwalimu Mkuu hakuwa na furaha. Fanuel alikuja kuchukua birika, na darasa likasikia tena juu ya ukuta.

"Hukunawa mikono!"

"Nilinawa, Mwalimu."

"Basi hukuosha birika! Umenipikia mgeni mchuzi na kuuita chai. Nusa mikono yako!"

Sauti ya pua ikasikika. Fanuel alikuwa akinusa. "Ni kweli ina vitunguu, Mwalimu," alisema kwa unyonge, "lakini ni vya maharagwe."

"Nitamwambia Mzee Elijah atafute mtu msafi."

Wakati wa chakula cha mchana Benta hakula. "Yawa, jamani, Nyanchama," alisema akilia, "Fanuel huyu hunawa mikono hata kabla ya kunawa mikono! Akifukuzwa tutafanya nini?"

Nyanchama alifungua kinywa. Alitaka kusema. Alifikiria uso wa baba yake. Alifikiria Redio akipelekwa mnadani siku hiyo hiyo. Akafunga kinywa, akamkumbatia rafiki yake, na kumkumbatia kukamfanya ajisikie vibaya zaidi.

Baada ya masomo walikwenda wote wawili hotelini. Nyuma ya jengo waliyakuta masufuria yote yamepinduliwa juani, yameng'arishwa kwa jivu. Fanuel alikuwa ameyasugua moja baada ya lingine, akiyanusa, akitafuta kosa lake. Sasa alisimama mbele ya Mzee Elijah, akifungua kamba za aproni.

"Si kwamba nakuchukia, kijana wangu," alisema Mzee Elijah. "Ila Mwalimu Mkuu amesema. Shule ikikataa chai yangu, soko lote litakataa."

Aproni ilipotoka shingoni mwa Fanuel, maneno ya Nyanchama nayo yakatoka.

"Mzee, si yeye! Ni ng'ombe wetu!"

Wateja wakaacha kutafuna.

"Ng'ombe wenu amepika chai?" aliuliza Mzee Elijah, na hoteli nzima ikacheka.

"Alikula vitunguu saumu. Mimi ndiye niliyempa, mtungo mzima, kabla ya kukamuliwa. Harufu ilikuwa kwenye maziwa. Kaka Fanuel hana kosa."

Mzee Elijah alimtazama kwa huruma. "Nyathina," alisema, kama Wajaluo wanavyomwita mtoto wao, "una moyo mzuri. Unataka kumwokoa kaka wa rafiki yako. Lakini mimi nimepika chai tangu wakati wa Mwingereza. Ng'ombe akila majani mabichi, maziwa yanatoka ya kijani?"

"Hapana, Mzee."

"Basi akila kitunguu, maziwa yatanukaje kitunguu?"

Wateja walikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa nzito. Nyanchama alishangaa. Tangu asubuhi aliogopa kusema ukweli, na sasa ameusema hakuna anayeutaka!

"Njooni mumnuse," alisema.

"Kumnusa nani?"

"Ng'ombe."

Basi walikwenda. Mbele Nyanchama, kisha Mzee Elijah na kofia yake, Fanuel na aproni mkononi, Benta, na nyuma yao wateja na vikombe vyao, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa mambo hayo. Bathsheba alipouona umati ukiingia uani aliacha kupepeta mahindi.

"Kuna msiba?"

"Hapana, Mama. Wamekuja kumnusa Redio. Ule mtungo wa dawa ya kifua... mimi ndiye niliyemlisha."

Bathsheba alishika kichwa. Mogaka, aliyekuwa akitoka shambani na jembe begani, aliliweka jembe chini.

Redio alikuwa amesimama zizini akicheua, macho nusu yamefumba. Mzee Elijah alimsogelea, akainama mpaka pua yake ikawa karibu na pua ya ng'ombe. Akanusa.

"Sisikii kitu," alitangaza.

Wakati huo uvimbe mdogo ukaonekana kwenye shingo ya Redio, ukapanda. Tumbo likakoroma. Likakatika. Likakoroma tena.

"Mzee, rudi nyuma!" alipiga kelele Nyanchama.

"Mbweeeeeu!"

Kofia ilianguka. Mzee Elijah alirudi kinyumenyume hadi akamkalia mteja mmoja. Machozi yalimtiririka.

"Nimesikia!" alilia. "Jamani, pua hii haikuwa imesikia kitu tangu nizeeke, leo imesikia! Vitunguu saumu! Shamba zima la vitunguu saumu!"

Waliobaki hawakuhitaji kusogea. Harufu iliwafikia walipokuwa. Mzee Elijah aliokota kofia, akaichukua aproni mikononi mwa Fanuel na kumvalisha mwenyewe.

"Nisamehe, kijana wangu. Rudi jikoni."

Fanuel alifunga kamba taratibu. Alimtazama Nyanchama, wala hakucheka na wengine. "Nimesugua masufuria mchana kutwa," alisema, "nikiamini kwamba mimi ni mchafu." Akaondoka. Maneno hayo yalimchoma Nyanchama kuliko kiboko.

Maziwa ya jioni hiyo hayakwenda popote. Ndama wa Redio aliyanywa yote. Asubuhi Mogaka alimpeleka binti yake kwa Mwalimu Mkuu, akamsimamisha aseme kila kitu tangu mwanzo. Mwalimu Mkuu alijikaza asicheke, akashindwa. Siku hiyo hiyo alikwenda hotelini kumwomba Fanuel radhi mbele ya wateja. "Na mkaguzi," aliongeza, "alikuja na kikohozi, akaondoka bila hicho kikohozi. Ila tusirudie."

Bwana Javan naye aliitwa. Alimpapasa Redio ubavuni, akasikiliza tumbo, kisha akaketi juu ya gogo.

"Haya, nilisema nini darasani?"

"Kitunguu saumu, kidogo, na pumba," alijibu Nyanchama.

"Kidogo kiasi gani? Wakati gani? Na kabla ya hapo afanyiwe nini?"

Nyanchama aliinamisha kichwa. "Sikusikia, Bwana. Nilikuwa nacheka."

"Basi nusu ya kosa ni langu, niliiga ng'ombe vizuri mno," alisema Javan. Kisha uso wake ukawa mzito. "Lakini sikiliza. Kitunguu saumu kingi kinaharibu damu ya ng'ombe. Ungerudia siku chache, ungekuwa umemuua unayempenda. Hukusikia, ulipaswa kuniuliza. Nilikuwa pale pale, buti zangu zilikwama matopeni langoni, sikuwa na haraka yoyote."

Akaeleza upya. Dawa ya kwanza haikuwa kitunguu chochote. Marando yenye umande, yakiliwa kwa pupa tumbo likiwa tupu, ndiyo yaliyomvimbisha Redio. Aanze na nyasi kavu. Marando yakatwe mapema, yaanikwe hadi yanyauke. Kisha kwenye pumba zitiwe punje chache tu za kitunguu saumu, pamoja na maganda makavu ya mbegu za mgunga yaliyopondwa, na apewe jioni baada ya kukamuliwa, kamwe si kabla. "Huenda ikamsaidia, huenda isimsaidie sana. Ng'ombe hawafanani. Mwangalie." Safari hii Nyanchama aliyarudia maneno yote mpaka Javan akachoka kuyasikia.

Ikawa kazi. Akitoka shule alikata marando na kuyatandaza juu ya ua. Kisha alikata nyasi kavu kando ya mto, akaokota maganda ya mgunga huku miiba yake ikimchoma vidole. Wenzake wakicheza, yeye aliponda. Polepole ubavu wa Redio ukashuka. Mbweu zilibaki, lakini zilikuwa ndogo, za ng'ombe mwenye adabu. Javan alisema ni vizuri, maana ng'ombe asiyepiga mbweu kabisa hufa. Kinachotakiwa ni majani mengi yawe maziwa, machache yawe upepo. Na ndoo ya Bathsheba ikaanza kujaa juu kidogo kuliko zamani.

Jioni moja Mogaka alisimama zizini kwa muda mrefu.

"Mnada ulikuwa lini?" aliuliza.

"Jana, Baba."

"Aa," alisema Mogaka. "Nilisahau." Na yeye hakuwa mtu wa kusahau.

Mogaka alikuwa ameamua pia kwamba kila asubuhi Nyanchama atayapeleka maziwa hotelini mwenyewe. Kila siku Fanuel alifunua kopo, akanusa kwa makini, akaonja kijiko kimoja, akanusa tena, ndipo akamimina. Nyanchama alisimama akingoja, masikio yakimwaka moto, na wateja wakitazama. Fanuel hakumsema vibaya hata siku moja. Alinusa tu.

Kisha ikaja asubuhi ambapo Fanuel alilichukua kopo, akalifunua na kumimina maziwa yote sufuriani huku akizungumza na mteja.

"Kaka Fanuel," alisema Nyanchama, "leo hukunusa."

Fanuel aliweka kopo chini. "Siku ile ulikuja mwenyewe. Hakuna aliyekushika, hakuna aliyejua kosa lako. Na wazee walipokucheka, hukutumia kicheko chao kutoroka. Ulichelewa, Nyanchama, ungesema asubuhi, nisingevua aproni. Kosa ukilifanya, liseme likiwa bado bichi, mtu mwingine asilibebe. Lakini mtu anayekuja mwenyewe kusema kosa lake, maziwa yake yanaweza kuingia sufuriani kwangu."

Nyanchama alitabasamu. Kisha akafikiri kidogo, akasogeza kopo mbele.

"Asante, Kaka. Lakini nusa tu."